Nuru Hufa Kwanza

Muda uliobaki ulikuwa nusu ya mchana na usiku mmoja. Kesho yake saa tatu asubuhi, binti wa marehemu angetolewa mahabusu, apelekwe mahakamani na kusomewa shitaka la kumuua baba yake mzazi kwa kumsukuma kwenye ngazi. Mkuu wa Kituo alikwisha kusema kwamba jalada limeiva, kilichobaki ni kupakua. "Shahidi yupo, ugomvi upo, saa ipo," alimwambia Inspekta. "Wewe unatafuta nini tena, mkia wa chura?"

Inspekta alichukua jalada, akatoka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mwendo wa polepole na kusoma kwa polepole zaidi, na kituo kizima kilimwita Kobe. Jina hilo hakulichukia. Aliwahi kuwaambia wenzake kwamba katika maisha yake hajamwona kobe aliyejikwaa.

Saa nane mchana alikuwa ghorofani katika nyumba ya marehemu, pamoja na Koplo, mtu mzima kuliko yeye, ambaye magoti yake yalilalamika katika kila ngazi. Ngazi zenyewe zilikuwa za mbao, kumi na saba, na chini yake bado palikuwa na alama ya chaki iliyochorwa kuuzunguka mwili. Wote wawili walikuwa wameiruka bila kusemezana.

Marehemu alikuwa mwalimu wa historia, mstaafu. Kila Jumamosi gazeti lilitoa safu yake fupi ya mambo ya kale yasiyojulikana na wengi, na safu hiyo ilianza daima kwa maneno mawili, ikawa mji mzima unamwita Bwana Je-Wajua. Chumba chake cha kusomea kilikuwa na meza, kiti kimoja, na kabati la droo ndogo ndogo zilizojaa kadi. Kila kadi ilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na jambo lake.

Koplo, ambaye alikuja kushika tochi tu, alianza kusoma na akashindwa kuacha.

"Afande, sikiliza hii. 'Je, wajua kwamba zamani, kabla kila nyumba haijawa na saa ya kengele, walikuwako watu wa kuajiriwa wapite alfajiri wakigonga madirisha ya wafanyakazi kwa fimbo ndefu ili wawaamshe?'" Akainua kichwa. "Sasa huyo mwamshaji, yeye aliamshwa na nani?"

"Mwalimu amejibu?"

Koplo akageuza kadi. "Ameandika, 'Sijui bado. Nitatafuta.'" Akairudisha taratibu mahali pake. "Maskini. Hatatafuta tena."

Kulikuwa na kadi kuhusu rangi ya kahawia ambayo wachoraji wa zamani waliitengeneza kwa kusaga maiti zilizokaushwa za kale. Kulikuwa na kadi kuhusu mwanamke aliyeishi kwa kuuza majira: anasahihisha saa yake asubuhi, kisha anapita mlango kwa mlango, watu wanaitazama na kumlipa. Inspekta hakuzisoma hizo. Yeye alikuwa akizihesabu kwa kidole, droo baada ya droo, na Koplo alipokuwa ameanza kusinzia kwa kusimama, kidole kikasimama.

"Mia nne na kumi na moja," alisema. "Halafu mia nne na kumi na tatu."

"Amekosea kuhesabu?"

"Mwalimu? Kadi mia nne hajakosea hata moja, aje akosee hapa?" Akaichomoa ile ya mia nne na kumi na moja, akaisoma kwa sauti.

*Je, wajua kwamba wanawake waliopaka rangi ya kung'aa kwenye nyuso za saa walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo yao? Rangi ilikuwa na radiamu, madini yenye mionzi. Waliambiwa haina madhara. Wasichana wengine walijipaka kucha na meno ili wawachekeshe wachumba wao gizani. Nywele zao ziling'aa wakirudi nyumbani. Miaka ikapita, meno yakang'oka, taya zikaoza nao wangali hai. Mama yangu alikuwa mpakaji katika kiwanda cha mji huu. Tazama 412.*

Juu ya meza ilining'inia picha ya mwanamke aliyekaa wima kwenye kiti, kitambaa cheupe kimefungwa chini ya kidevu chake na kupita juu ya kichwa, kama mtu mwenye jino linalouma. Koplo alisogea ili mwanamke yule asimtazame.

"Kadi ya mia nne na kumi na mbili imechukuliwa," Inspekta alisema. "Twende tuione hiyo saa aliyoitaja shahidi."

Saa ilikuwa chumba cha pili, kilichokuwa zamani chumba cha watoto, ambamo mpwa wa marehemu alilala usiku wa tukio. Ilining'inia mbele ya kitanda. Ilikuwa ya mviringo, uso mweusi, tarakimu na mishale yake imepakwa rangi nene iliyogeuka kuwa ya chai iliyochujuka. Ilitembea bado, na mlio wake ulijaza chumba.

Inspekta alikaa kitandani, akafungua jalada na kutoa karatasi mbili. Zote zilikuwa maelezo ya mpwa huyo, mtoto wa dada yake marehemu, dalali wa majumba anayejulikana mjini kote. Karatasi ya kwanza iliandikwa usiku uleule: *Nilishtuliwa na kishindo. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, giza totoro, simu yangu imezima. Sijui ilikuwa saa ngapi. Niliposhuka nilimkuta mjomba chini ya ngazi.* Ya pili iliandikwa kesho yake kituoni: *Nilisikia sauti ya binamu yangu akigombana na mjomba, kisha kishindo. Nilitazama saa ya ukutani, ile inayong'aa gizani. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.*

"Koplo, hii ya pili aliiandika nani?"

"Mimi, afande."

"Na ya kwanza?"

"Nayo mimi."

"Kati ya ya kwanza na ya pili kuna nini?"

Koplo alikohoa, akatazama dirishani, kisha viatu vyake. "Kuna mimi, afande," alisema. "Alikuwa analia pale kaunta. Nikampa chai. Katika kumliwaza nikamwambia mlinzi wa mtaa kasema binti alirudi hapa saa nne na robo. Nilidhani ni maneno tu ya kupitisha wakati."

Binti hakukana kwamba alirudi. Alikuwa mshonaji, alisahau mkasi wake, baba yake akaja mlangoni na mshumaa, akampa mkasi pale pale kizingitini, naye akaenda zake bila kuingia ndani. Daktari alisema mzee alikufa wakati wowote kati ya saa tatu na saa sita usiku. Bila saa ya ukutani, binti alikuwa mtu aliyechukua mkasi wake. Kwa saa ya ukutani, alikuwa muuaji.

"Mdomo uliponza kichwa," Inspekta alisema.

"Ndiyo, afande."

"Tena kichwa chenyewe si chako, ni cha yule binti. Funga dirisha tuone."

Walifunga dirisha na mlango, Inspekta akaweka viganja vyake pembeni mwa kioo cha saa na kuchungulia. Hakuona kitu. Lakini macho yalikuwa yametoka kwenye jua, na mwanga uliingia kwa kila ufa, na hakimu angecheka. Ilihitajika kauli ya mtu wa kazi.

Fundi saa alikuwa na kibanda mtaa wa pili, kioo chake cha kukuzia kimekwama jichoni muda wote, hata akimtazama mtu. Alikuwa na uchungu na simu za mkononi, kwa sababu zilimla riziki, na mgeni yeyote alilazimika kusikia habari hiyo kwanza. Inspekta alisikiliza mpaka ikaisha, kisha akamtajia saa ya nyumbani kwa Mwalimu.

Fundi aliweka bisibisi chini. "Hiyo siifungui ndani ya kibanda. Naifahamu. Saa za rangi ile naziweka kwenye mkebe, huko uani, na sizigusi bila glavu. Baba yangu aliyenifundisha kazi alikuwa na ndugu wawili kwenye kiwanda kile. Wa kike. Wote walizikwa na vitambaa vyao usoni."

"Inang'aa?"

"Iling'aa. Mama wee! Tukiwa wadogo tulikuwa tunapita chini ya dirisha lile usiku kwa mbio." Alitikisa kichwa. "Sasa hapana. Ile rangi ni vitu viwili, mama. Kuna radiamu, inayopiga. Halafu kuna unga, ambao ukipigwa unatoa mwanga. Unga unapigwa mchana na usiku, mwaka hadi mwaka, mpaka unachoka, unakufa. Saa kama ile imezimika miaka mingi. Lakini mpigaji hachoki."

"Una maana gani hachoki?"

"Nimeambiwa na watu wa mashine za hospitali: radiamu, ukae miaka elfu moja na mia sita, nusu yake bado ipo. Saa haing'ai, lakini sumu ipo palepale. Na kitu kilekile nilimwambia Mwalimu mwenyewe, Jumatatu iliyopita. Alikaa hapo ulipokaa."

Inspekta alitazama kiti chake. "Aliuliza nini?"

"Aliuliza, 'Fundi, rangi ikizimika, imekwisha?' Nikamjibu, Mwalimu, taa ikizimika si kwamba mafuta yamekwisha. Halafu akauliza habari ya kiwanda: sakafu, kuta, udongo wa ule uwanja walikomwaga maji ya kusuuzia brashi. Nikamwambia kama hakuna aliyeupima na kuuzoa, upo vilevile. Akashika kichwa."

"Kwa nini kiwanda? Si magofu yale?"

Fundi alitoa kioo jichoni kwa mara ya kwanza, na jicho lililokuwa nyuma yake lilikuwa dogo na lenye majonzi. "Kumbe hamjui? Kimepakwa rangi, kimewekwa bembea. Mpwa wake Mwalimu ndiye aliyekinunua. Jumatatu hii wanafungua shule ya chekechea."

Koplo, aliyekuwa mlangoni, alikaa chini ya mzigo wa neno hilo. Mjukuu wake mwenye miaka minne alikwisha shonewa sare.

Mahabusu ya wanawake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la juu. Binti wa marehemu alikuwa amekaa sakafuni, mikono yake imezoea kazi kiasi kwamba alikuwa akipinda ukingo wa blanketi kwa vidole, bila sindano wala uzi. Alipomwona Inspekta alisimama.

"Shikamoo, afande. Ni kesho?"

"Marahaba. Kesho bado haijafika. Nina maswali machache tu. Saa ya chumba cha watoto inang'aa?"

"Ile ya Bibi? Inang'aa. Kwetu kila mtu anajua." Alijibu upesi, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Bibi alipewa siku alipoachishwa kazi, alipokuwa hawezi tena kutafuna. Alizipaka tarakimu zake mwenyewe. Alipokufa, tukalazwa chumba kile, mimi na binamu yangu. Watu wazima walituambia ile ni macho ya Bibi, anatulinda. Basi tulikuwa tunajifunika shuka gubigubi. Binamu alikuwa akilia mpaka aje kwenye kitanda changu."

"Mara ya mwisho kuiona ikiwa inang'aa ni lini?"

Vidole viliacha kupinda blanketi. "Tangu niolewe sijalala kule," alisema polepole. "Ni zaidi ya miaka ishirini. Lakini inang'aa, afande. Si ndiyo ile ile?"

"Baba yako hakuwahi kusema lolote kuhusu saa hiyo?"

Hapo machozi yakamtoka. "Ndiyo ugomvi wetu ule waliousikia majirani. Nilimtaka ahamie kwangu, ngazi zile si za mzee. Akakataa. Akasema hawezi kumwacha Mama peke yake. Kila umeme ukikatika alikuwa akienda kukaa chumba kile, kimya, gizani. Siku moja nikamfuata mpaka mlangoni, nikamwuliza anafanya nini. Akaniambia, 'Bibi yako amefumba macho.' Nikadhani uzee umeanza kumchezea akili. Nikamkaripia, afande. Baba yangu mwenyewe."

Inspekta aliandika maneno hayo yalivyo. Alitamani kumshika mkono, na kwa kuwa hakuna kanuni iliyomkataza, akamshika.

Dalali alifika saa kumi na moja kamili jioni, jua likiwa bado kali barabarani. Alikuwa mtu mnene mwenye manukato, mwepesi wa kutoa pole na mwepesi zaidi wa kupokea. Inspekta alimlaki sebuleni.

"Dada yangu, mimi nipo kwa lolote," alisema. "Damu nzito. Binamu yangu ni kama dada yangu wa tumbo moja, lakini ukweli ni ukweli."

"Ni kuhakiki maelezo yako tu," Inspekta alisema. "Kesho mahakamani wataulizia giza. Tutakuingiza chumbani kama usiku ule, ulale kama ulivyolala, utuambie unachokiona. Tumeziba dirisha kwa mablanketi."

Kwa kufumba na kufumbua, uso wa Dalali ulisimama. Kisha ukatabasamu tena. Akikataa, maelezo yake yamekwisha. Akikubali, ana saa yake. Alikubali.

Koplo alimpandisha ngazi kwa kumshika kiwiko. Mlango ulifunguliwa na kufungwa upesi nyuma yao, na giza la chumba kile, mchana kweupe, likawa giza la kisima. Dalali alipapasa kitanda, akalala chali. Saa ililia. Ta, ta, ta. Hapakuwa na sauti nyingine isipokuwa pumzi za watu watatu.

"Tutakaa kidogo," sauti ya Inspekta ilisema kutoka pembeni mwa mlango. "Macho yazoee."

Walikaa. Dakika moja gizani ni ndefu, na zile zilikuwa kumi na tano. Koplo alisikia magoti yake mwenyewe. Nyumba, ambayo mchana ilikuwa mbao na chokaa tu, ilianza kupumua: ubao ukatoa mlio kule kwenye ngazi, kitu kikatambaa darini. Inspekta alikodoa macho mahali ukuta ulipokuwa, na baada ya muda mwili ukamsisimka, kwa sababu kulikuwa na duara pale. La kijani, hafifu, likielea. Alifumba macho na duara likabaki. Ndipo alipoelewa kwamba limo ndani ya kichwa chake mwenyewe. Macho ya binadamu hayapendi giza tupu, na yakikosa cha kuona hujitengenezea kile yalichosimuliwa. Hata hivyo aliogopa, na hakuona aibu kuogopa.

"Unaona nini?" aliuliza.

Kitanda kililia. "Naona saa," Dalali alisema.

"Iko wapi?"

"Palepale. Ukutani, mbele yangu."

"Inang'aa?"

"Kidogo. Lakini inang'aa." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ule utamu wa biashara ulikuwa umeondoka, na kilichobaki kilikuwa chembamba, karibu cha mtoto. "Inang'aa. Naiona."

"Ni saa ngapi?"

Ta, ta, ta.

"Kumi na moja," alisema. "Kumi na moja na dakika ishirini."

"Koplo," Inspekta alisema, "fungua."

Blanketi la kwanza lilianguka, kisha la pili, na jua la jioni likaingia chumba kizima kwa mkupuo. Dalali alikuwa ameinuka nusu, mkono wake umenyooka kuelekea ukutani. Ukutani palikuwa na msumari. Chini ya msumari palikuwa na duara jeupe ambapo chokaa haikupata vumbi kwa miaka hamsini. Hapakuwa na kitu kingine.

Alitazama kidole chake, akatazama msumari. Mlio wa saa uliendelea, na taratibu akageuza shingo kuufuata. Saa ilikuwa sakafuni, nyuma ya kichwa chake, juu ya gazeti, pale alipoiweka fundi saa kwa mikono yenye glavu saa moja kabla. Uso wake mweusi ulikuwa umefifia. Mishale ilisema kumi na moja na robo imepita kidogo.

"Nimeiona," alisema. "Haki ya Mungu, nimeiona."

"Najua," Inspekta alisema. Alivuta kiti, akakaa mbele yake. "Saa hiyo imezimika miaka mingi. Mjomba wako alijua, kwa sababu alikuwa akija kukaa nayo. Wewe hukujua, kwa sababu tangu utotoni umelala hapa usiku mmoja tu, na usiku huo hukuutazama ukuta huu hata mara moja. Ulikuwa na kazi nyingine. Ulipohitaji saa ya kumfunga nayo binamu yako, uliikopa ya utotoni." Akafungua jalada. "Hulazimiki kusema neno, na utakalosema litaandikwa na kutumika mahakamani. Lakini nataka kujua iko wapi kadi ya mia nne na kumi na mbili."

Dalali alijikunja kitandani, viganja vimefunika uso. Koplo alikuwa amekwisha kutoa karatasi na kalamu, akimfikiria mjukuu na ile sare.

"Nimeichoma," Dalali alisema kutoka ndani ya viganja. "Kwa mshumaa wake mwenyewe. Aliniita nije nilale hapa, kasema ana jambo. Akanipa ile kadi niisome. Nikamwambia mjomba, nimeweka kila nilichonacho pale, kila kitu, na watoto themanini wameandikishwa. Akasema, 'Ndiyo maana.' Akaitaka kadi yake. Nikatoka nayo, akanifuata mpaka juu ya ngazi, akanishika shati. Nilijikung'uta tu. Nilijikung'uta, dada, kama mtu anavyojikung'uta."

"Saa ngapi?"

"Sijui! Kweli sijui. Palikuwa giza." Alicheka, kicheko kibaya kilichokatika katikati. "Niliichoma nikidhani imekwisha. Kumbe haitoki. Nikilala naisoma, nikiamka naisoma."

"Isome, basi," Inspekta alisema. "Koplo, andika neno kwa neno."

Dalali alishusha mikono. Hakuwatazama wao. Aliutazama ule mviringo mweupe ukutani, na akasoma kwa sauti ya mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Mia nne na kumi na mbili. Je, wajua kwamba rangi ile huacha kung'aa baada ya miaka michache, lakini baada ya miaka elfu moja na mia sita bado nusu ya sumu yake ipo? Mtu akiingia kiwandani usiku asione kitu, asiseme pamesafika. Nuru hufa kwanza. Mama yangu yuko kaburini, na mifupa yake bado haijanyamaza. Shule ile isifunguliwe."

Kalamu ya Koplo ilimfikia, ikasubiri.

"Imeisha?" Inspekta aliuliza.

Dalali alitikisa kichwa.

"'Gazeti lingoje. Mpwa wangu hajui. Nitamwambia yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, asije akaaibika mbele za watu. Huyu ni mtoto wa dada yangu, na tangu utotoni anaogopa giza.'"